Siku Jarlath Alipoangalia Farasi

Hapakuwa na mtu mjini Athenry aliyejua kusimulia mashindano ya farasi ya Galway kama Jarlath Fahy, fundi bomba mstaafu, na sidhani kama alikuwapo aliyeyaona kidogo kuliko yeye. Kila mwaka, Julai ikielekea ukingoni, alivaa koti lake la kahawia, akaenda uwanja wa Ballybrit siku zote saba za mashindano, akarudi jioni sauti imemkauka. Kisha aliketi jikoni kwake na kueleza jinsi farasi mweupe alivyojikwaa kwenye kiunzi cha mwisho, jinsi mpandaji alivyoning'inia shingoni mwa mnyama, jinsi watu wazima walivyolia machozi. Majirani walijaa kumsikiliza. Baadhi yao walikuwa wametoka huko huko uwanjani, na bado walikuja, kwa sababu mbio za Jarlath zilikuwa tamu kuliko zile walizoziona wao.

Msimdhanie pombe. Jarlath alikuwa mtu wa glasi moja tu, tena hakuimaliza. Kilichomponza ni maboila, ile mitambo ya kupashia nyumba joto. Nusu ya nyumba za mkoa ule zilipata joto wakati wa baridi kwa mikono yake, na wenye nyumba hizo wote walikwenda Ballybrit. Kutoka getini hadi kwenye uzio wa uwanja ni mwendo mfupi, lakini hakuna mtu wa Galway anayeweza kumwambia mwenzake anayeelezea upasuaji wa nyonga ya kaka yake, "Samahani, nakwenda kuangalia farasi." Unasimama. Unauliza hali ya nyonga ya pili. Mkimaliza, farasi wameshaogeshwa na wanakula.

Jarlath mwenyewe hakuona kama anadanganya. Alisikia kelele za watu, alisikia mtangazaji kwenye vipaza sauti, na mengine aliyajazia mwenyewe kama fundi anavyojazia palipobaki wazi.

Mambo yaliharibika mwezi wa Juni, kwa sababu ya bwana mmoja wa Dublin aliyehojiwa na redio ya mkoa. Alisema mashindano ya Galway ni jina kubwa tu, ndani hamna kitu. Farasi ni wa kawaida, akasema, na siku ya akina mama kushindania mavazi, kofia zina nasaba bora kuliko wanyama. Jarlath alitoka mezani bila kumaliza yai lake, akaenda ukumbini, akapiga simu redioni. Wakamweka hewani. Akawasimulia mbio kubwa za Jumatano, zile zinazoitwa Plate, za mwaka ule wa mvua kubwa: matope hadi magotini, farasi watatu bega kwa bega, mmoja hana mpandaji na bado anaongoza. Mtangazaji alishindwa kuendelea, akaweka wimbo.

Mkewe, Attracta, alikuwa anamenya viazi. Habari ile aliisikia mara mbili, mara moja kutoka redioni na mara moja kutoka ukumbini. Jarlath aliporudi amevimba kifua, alimkuta ameshika kisu bila kukitumia.

"Mwaka ule wa mvua," Attracta alisema, "si ndio ulishinda nyuma ya hema la chai na kaka yangu Enda, mnaongelea shimo lake la choo?"

"Tuliliongelea kidogo."

"Enda anasema mlianza kabla ya chakula, na mlipomaliza watu wanatafuta magari yao."

"Lilikuwa shimo gumu, Attracta."

"Jarlath. Nitazame. Umewahi kuona mbio hata moja? Mwanzo mpaka mwisho?"

Jarlath alifungua mdomo. Alipekua kichwa chake kama anayetafuta spana chini ya sanduku, akapata vipande: kwato, mkia, kofia ya njano ikipita juu ya mabega ya watu. Mbio nzima hakuipata.

Attracta hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Jarlath. Dada wa Attracta, Concepta, alihamia Uhispania zamani, na kila kiangazi aliwaita waje wakae naye wiki ile ya mwisho ya Julai, wakati wapangaji wake wanapoondoka. Kila mwaka Attracta alijibu kwamba haiwezekani, Jarlath ana farasi wake.

"Miaka yote hii nimejinyima kwa ajili ya farasi," alisema. "Kumbe nimejinyima kwa ajili ya choo cha Enda."

Ndipo akatoa masharti. Mwaka huu angekwenda naye siku ya Plate. Jarlath angeziangalia mbio zile kuanzia wanapoachiwa hadi wanapomaliza, na yeye angesimama ubavuni kama shahidi. Akiziona, habari ya Uhispania haitatajwa tena katika nyumba hiyo. Asipoziona, mwakani wiki hiyo wako kwa Concepta, jua linawaka.

"Na nitakununulia kaptula," alimalizia.

Jarlath hakuwahi kuvaa kaptula tangu alipotoka shule ya msingi. Lakini kilichomnyima raha si magoti yake. Wiki ile aliipenda kuliko Krismasi. Aliwaza watu wote wamejaa Ballybrit, na mmoja anamuuliza mwenzake Fundi yuko wapi, na yeye yuko ufukweni Uhispania anapakwa mafuta mgongoni na shemeji yake. Akasema sawa. Alisema hivyo ingawa alijijua.

Jumatano ilifika na manyunyu yake. Waliegesha gari kwenye shamba la watu, wakala mikate ya nyama ya nguruwe wameketi kwenye buti ya gari, wakanywa chai ya chupa. Attracta alivaa kofia ya buluu aliyoinunua kwa harusi ya mpwa wake. Jarlath aliishusha kofia yake hadi kwenye nyusi, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kama mtu anayedaiwa.

Hawakufika mbali.

"Fundi, hebu simama hapo," ilisema sauti. Alikuwa Packie Naughton, mfuga kondoo, ambaye boila lake lilikuwa likipiga mluzi tangu Pasaka.

"Siwezi, Packie. Nakwenda kuangalia mbio."

Packie alimtazama, kisha akamgeukia Attracta. "Anaumwa?"

"Hajambo."

"Madaktari wamesemaje?"

Walimwacha hapo hapo, kinywa wazi. Mbele kidogo Padri Lohan alinyoosha mkono, na Jarlath, aliyebatizwa, kuungamishwa na kuozeshwa na mapadri wa parokia ile, alimpita padri wake kama anavyopita nguzo ya umeme. Jasho lilimtoka. Attracta, aliyekuja kwa nia ya kumwona akishindwa, alianza kumhurumia kidogo.

Mtangazaji alikuwa anataja farasi wanaojipanga. Uzio ulionekana kabisa, mweupe, karibu. Na mbele ya uzio, peke yake chini ya mwavuli mweusi, alisimama Nuala Qualter.

Mume wa Nuala alizikwa mwezi wa Mei. Jarlath alikuwa na goti limevimba, hakwenda mazishini. Tangu siku ile hawakuwa wameonana. Kuna watu unaoweza kuwapita mbioni, hata mapadri wamo, lakini mjane ambaye hujampa pole hapitiki. Jarlath alisimama. Alijua amekwisha, na aliona kaptula.

Attracta naye alimwona Nuala. Walikaa dawati moja katika shule ya masista, wakachapwa fimbo pamoja kwa kucheka kanisani. Alimtazama mumewe, akatazama uzio.

"Nenda wewe," alimnong'oneza. "Mimi nitazungumza naye kwa niaba yetu wawili. Dakika mbili, nakuja."

Jarlath alimshika Nuala mkono, akasema pole ambayo hakuimaliza, akaenda. Alifika kwenye uzio akaushika kwa mikono miwili. Kushoto kwake palikuwa na mtu asiyemjua, kulia kwake vile vile. Hakuwahi kudhani kwamba Ballybrit kuna watu asiowajua. Kumbe wote walikuwa huku mbele.

Farasi waliachiwa.

Aliwatazama kwa macho yote. Walikuwa wadogo, upande ule wa mbali, na mvua ilifanya rangi za wapandaji zifanane. Walipita mbele yake mara moja kwa kishindo, na hapo Jarlath alisisimkwa kweli, hadi kwenye nyayo. Lakini walikuwa wameshapita. Wakaenda kule mbali tena, wakawa wadogo tena. Mtu wa kushoto alipiga chafya. Baada ya muda walipanda kilima wametapakaa, wamechoka, farasi wa kahawia mbele, wa kahawia mwingine nyuma yake, wakavuka mstari. Mtu wa kulia alichana tikiti yake, akaondoka.

Jarlath alibaki. Alisubiri kidogo, akidhani kuna kingine.

Hapakuwa na kingine. Wazo likamjia kwamba bwana yule wa Dublin huenda alisema kweli, naye akatazama nyuma haraka, asije akawa amelisema kwa sauti. Alisikitika kuliko alivyotarajia. Miaka yote hiyo aliwatetea farasi, na siku aliyokutana nao hawakuwa na la kumwambia. Tena hapakuwa na mtu pale wa kumwambia hilo.

Attracta hakuwa ubavuni. Alimkuta nyuma ya hema la chai, ameketi kwenye kreti ya chupa, kofia ya buluu imelowa na kulegea, viatu amevivua. Nuala alikuwa kando yake anajifuta macho, na akina dada wawili wa ukoo wa Mannion wamejiunga, wote wanacheka habari ya marehemu na mbuzi wake mmoja. Attracta aliinua macho.

"Zimeshaanza?"

"Zimekwisha."

Attracta aliziba mdomo kwa mkono.

Garini, wakiwa wamekwama kwenye foleni ya kutoka shambani, alijaribu kurekebisha mambo. "Haya, nisimulie. Nitajua tu kama umeziona."

Jarlath alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na ukweli mkononi, akataka kuutoa bila chumvi.

"Farasi walianza," alisema. "Wakazunguka. Wakazunguka tena. Halafu mmoja akatangulia. Wa kahawia."

"Wa kahawia."

"Wengi ni wa kahawia, Attracta."

"Nani alianguka?"

"Hakuna. Mmoja alisimama njiani. Nadhani alichoka."

"Na watu? Walilia?"

"Wa pembeni yangu alipiga chafya."

Attracta alimtazama kwa huruma nyingi. "Ungeniambia tu, Jarlath. Nani alikukamata? Ni Padri Lohan, eti?"

"Nimeziona. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mtu aliyeziona hasimulii hivyo. Mimi nimekusikia ukisimulia tangu tuoane."

Maneno yalimjaa Jarlath mdomoni. Farasi mweupe alikuwa pale, tayari, anachezesha masikio, matope yanaruka, mpandaji ananing'inia. Sentensi tatu tu na ubishi ungekwisha. Lakini kushinda kwa uongo siku aliyosema kweli kulimwia vigumu, akameza. Iliuma. Aliwasha vipangusa kioo, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Gari lilisogea hatua moja.

"Nuala atakuja tena kesho," Attracta alisema, akitazama nje. "Siku ya kofia. Na akina Mannion. Kuna habari ya yule mbuzi hatujaimaliza."

"Kesho ulisema una nguo za kufua."

"Nguo hazina miguu." Alianza kuvua glavu zake, kidole kwa kidole. "Umeshindwa, usijisahau. Ila sasa nitampelekeaje Concepta mwanamume aliyekwenda Ballybrit miaka yote na hajaona hata mbio moja? Ni aibu kwa ukoo. Mwakani itabidi turudi, uzione vizuri. Concepta akitaka, aje huku."

Jarlath alishika usukani kwa nguvu, asije akatabasamu.

Jioni ile, jua likiwa bado juu kama kawaida ya Julai, majirani walijaa jikoni. Mossie Glynn wa nyumba ya pili alivuta kiti chake cha siku zote.

"Haya, Fundi. Plate ilikuwaje?"

Jarlath alifungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nzima, safi, haijakauka hata kidogo, na hakuwa na la kusema. Mossie aliweka kikombe chini.

"Alikuwapo mmoja mweupe," ilisema sauti iliyokauka kutoka kwenye sinki.

Wote waligeuka. Attracta alijifuta mikono, akaegemea kabati. Akawaambia jinsi mweupe yule alivyobaki nyuma hadi watu wakamwonea haya. Akawaambia jinsi mvua ilivyomwagika walipoingia mzunguko wa pili, na mpandaji akapoteza kofia, akainama akimnong'oneza farasi sikioni, na mjane mmoja aliyevaa nyeusi akaangua kilio mbele ya watu wote na asione aibu. Jarlath alisahau chai yake. Walipofika kiunzi cha mwisho alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Alikuwa amesimama pale pale kwenye uzio, ameziona zote kwa macho yake mawili, na bado alitamani angekuwapo.

Attracta alisita. "Na mwishoni," alisema. "Mwishoni..." Akamtazama mumewe. Hakujua nani alishinda.

"Fundi," Mossie alisema, "malizia basi."

Jarlath alimtazama mkewe, nywele zimelowa, soksi zina matope, macho yanang'aa jinsi ambavyo hakuwa ameyaona kwa siku nyingi.

"Yule mweupe," alisema. "Kwa ncha ya pua."

Mossie, aliyekuwa amesikia matokeo redioni, aliitikia kwa kichwa taratibu na kusema ndivyo, ndivyo kabisa, kisha akasogeza kikombe chake apewe chai nyingine.