Mama yangu, pweza, na kasa wa Hamadi

Asalaam aleikum wakuu.

Mie shule niliishia darasa la nne, mtanisamehe mwandiko. Lakini haya yamenipata mwenyewe na sitii chumvi.

Nimeona humu mnabishana mnyama gani anajua kulea. Nikamkumbuka mama.

Nimezaliwa Chokocho, Pemba kusini. Maji yakikupwa mama alikwenda kuchokoa pweza, mie nyuma yake na kikapu. Shule yangu ya kweli ilikuwa ile.

Kuku anataga na kuatamia, huyo mnamjua. Popo, alisema mama, usimwone anaruka ukadhani ndege, huyo anazaa na kunyonyesha kama mbuzi.

Kasa hupanda pwani, akafukia mayai mchangani, akarudi zake baharini. Mwanawe hamjui.

Aliyekuwa akimliza mama ni pweza jike. Hutundika mayai kwenye dari la pango kama vishada vya mpunga, akakaa anayapulizia maji, hali kitu. Yakishaanguliwa, naye anakufa.

Mama akichungulia pango akaona mayai, anarudisha kijiti chake. "Mwache mzazi mwenzangu."

Kuna siku tulirudi na kikapu kitupu kwa ajili ya hao wazazi wenzake, tukala muhogo na chumvi. Ule muhogo nautamani hadi leo.

Sasa niwataje. Hamadi, jirani yetu, na shemeji yake Sefu.

Wakati huo mie mtu mzima, nishaachika, nimerudi kwa mama. Alfajiri moja walimpindua kasa aliyekuwa ndio kwanza amefukia mayai yake, wakamchinja.

Kwetu wanaokula kasa wana dasturi. Kipande cha ini hutupiwa kunguru kwanza. Kunguru akikataa, nyama yote inafukiwa, maana kasa wengine wana sumu na moto hauiondoi.

Kunguru walikataa. Hili nilikuja kuambiwa baadaye na mke wa Hamadi.

Hamadi akaja kwetu na bakuli. "Bi Mwanaisha, nyama ya ng'ombe hiyo, ya hitima." Mama akamwombea dua, akala.

Mie nilichelewa shamba. Nimekaa, nishameza matonge mawili, mama akanishika mkono.

"Koo laniwaka. Tema."

"Pilipili hiyo, mama."

"Pilipili naijua weye hujazaliwa. Tema."

Akaninyang'anya sahani akaimwaga jivuni.

Nililazwa, mdomo wote vidonda, nikapona. Mama hakupona.

Hamadi na Sefu hawakutia hata kipande kinywani. Nilimwuliza Hamadi kwa nini, akasema, "Dada, hiyo kadari ya Mungu."

Wakuu, kunguru walipokataa, alitafuta kunguru wengine. Ndio sisi.

Siku hizi Hamadi yuko mjini, Tibirinzi, anakunywa kahawa barazani na watu wanamwamkia.

Mkewe ndiye aliyenionesha yale mayai yalipofukiwa. Nikayazungushia vijiti ng'ombe wasikanyage, kama alivyokuwa akifanya mama kila akikuta mayai ya kasa. Nikawa naamkia huko.

Yakaanguliwa. Vitoto vikashika njia ya maji, hakuna hata kimoja kilichogeuka nyuma kutafuta mama. Mie nimekaa mchangani, navionea wivu.

Nililojifunza: chakula asichokila aliyekileta, usikile. Na mama akikwambia tema, tema kwanza, ubishi baadaye.

Mwenye mama hai ampigie simu kabla hajakomenti. Na nyie mliolelewa na pweza kama mie, semeni hapo chini. Nitasoma zote.