Neno la Kuingia Chini ya Gari

Kabla ya lifti ya kuinulia magari, fundi alikuwa akifanya kazi amelala chali sakafuni, mchanga ukimwingia machoni. Lifti ilipoletwa, ya nguzo mbili na mikono minne, mkewe akahamia gereji. Alisema mumewe hataingia chini ya gari lililo hewani bila mtu wake wa kumwangalia. Akaweka kigoda karibu na swichi, kupandisha na kushusha ikawa kazi yake. Mafundi wa jirani wakambandika jina, Bosi wa Kitufe. Naye akawajibu kwamba ndiyo maana mikono yake misafi, wao waendelee kuoga mafuta machafu.

Walikuwa na utaratibu wao. Fundi anaweka mikono ya lifti pale chasisi ilipo ngumu. Mke analiinua gari kidogo tu, fundi analisukuma kwa bega aone kama limetulia. Ndipo linapanda. Likifika juu, mke analishusha kidogo likae kwenye makomeo, moja kila nguzo, ili hata waya unaoliinua ukikatika lisianguke. Anasikiliza. Gu, huku. Gu, kule. Kisha anasema, "Imekaa."

Masikio ya fundi yaliliwa na nyundo zamani. Bila neno hilo, haingii.

Mke akaugua. Hakuchukua muda, akaaga dunia.

Gereji ilishikwa na shemeji wa fundi, mdogo wa marehemu, naye pia fundi. Watu wa nyumbani walimwambia fundi, mzee sasa, apumzike. Lakini nyumba ilikuwa na vikombe viwili mezani na mnywaji mmoja. Asubuhi moja akavaa ovaroli, akaenda.

Alikikuta kigoda pale pale. Hakuna aliyekikalia.

Lilikuja gari la teksi linalovuja oili. Shemeji akasema atabonyeza yeye. Gari likapanda, likashushwa kidogo. Shemeji, simu mkononi, akapaza sauti.

"Imekaa. Ingia, shemeji."

Neno lilikuwa lile lile. Mguu wa mzee ukakataa. Akabaki ukingoni, spana mkononi, hata dereva wa teksi akauliza kama babu amesahau alichokuja kufanya.

"Umesikia mbili?" mzee akauliza.

"Mbili za nini?"

Mzee akainua macho. Gari lilikuwa limelala upande, kidogo tu, kama mtu aliyechoka bega moja. Nguzo ya kulia ilikuwa imelishika. Ya kushoto haikushika kitu, upande ule ulining'inia kwenye waya mtupu.

Alimwambia dereva arudi nyuma. Akamwambia shemeji ainue kwanza mpaka uzito utoke kwenye komeo la kulia, alivute litoke, kisha ashushe polepole. Matairi yalipogusa sakafu, shemeji alikaa chini pale alipokuwa. Simu ilikuwa imeshaingia mfukoni.

Wakafungua nguzo ya kushoto. Komeo lilikuwa limegandwa na grisi kuukuu na vumbi, halichezi. Nyuma yake, kwenye kona, palichomekwa kitambaa. Mzee alikijua. Ni kipande cha gauni la kijani la mkewe.

Akakumbuka mkewe alikuwa akitangulia kufungua gereji, wengine wakimkuta ameshakaa kwenye kigoda. Walidhani alikuwa akibonyeza tu. Kumbe alikuwa akiyasafisha makomeo peke yake, na tangu augue hakuna aliyeyagusa.

"Dada hakuniambia," shemeji akasema.

"Hata mimi."

Mzee akakikunja kile kitambaa, kimekakamaa, akakitia mfukoni. Akachukua kingine. Wakasugua, wakapaka grisi mpya, komeo likacheza. Wakakagua na waya, uzi kwa uzi, wakapandisha lifti tupu mara kadhaa. Ndipo wakarudisha teksi.

Safari hii mzee ndiye aliyebonyeza. Hakukaa kwenye kigoda, alisimama kando yake. Gari likapanda, likashuka kidogo. Hakusikia kitu. Akaenda nguzo ya kulia, akatazama komeo, akaligusa. Akaenda ya kushoto, akatazama, akaligusa. Akarudi. Akafungua mdomo.

Neno halikutoka. Akaitikia kwa kichwa tu, kwamba sawa.

Shemeji hakusogea.

"Sema, shemeji. Siingii mpaka useme."

Mzee alikitazama kigoda. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Imekaa," akasema.

Shemeji akaingia.