Uongo Wangu na Magoti ya Mama

Siku yangu ya kwanza mgodini nilifika nimevaa makatambuga mapya na koti la marehemu baba. Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, na mgodi wenyewe ulikuwa upande wa Geita, mbali na kwetu Masumbwe. Nyapara Mkuu alinikagua viganja, akaandika jina langu kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, akasema, "Masalu, utasukuma vitoroli vya mawe. Ukichoka usiniambie mimi, kamwambie aliyekuzaa."

Aliyenizaa nilikuwa nimekuja naye. Tulijenga kibanda ng'ambo ya kijito, naye akalima mihogo na karanga. Mama alibatizwa ukubwani. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kila alfajiri, kabla sijatoka, alipiga magoti akawataja kwa Mungu watu wa zamu yangu, mmoja mmoja kwa jina. Kama kuna mgeni sijamtaja, aliniuliza, "Yule mpya anaitwa nani?" Mahubiri yake kwangu yalikuwa hayo tu.

Baada ya kama miaka miwili nikapandishwa kuwa mwendesha winchi. Vijana wa leo hamkuijua kazi hiyo ilivyokuwa. Winchi ni mashine yenye pipa kubwa linalozungusha kamba ya chuma, na kamba hiyo hushusha na kupandisha kizimba, kile chumba cha vyuma kinachobeba watu na mizigo shimoni. Mwendeshaji haoni kinachotokea chini. Huongozwa na kengele inayovutwa na mwenzake aliyeko huko: moja, simama; mbili, shusha; tatu, pandisha; nne, kuna watu, nenda taratibu. Bwana Injinia aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. "Mkono kwenye breki, sikio kwenye kengele," alisema. "Mdomo uache nyumbani."

Mwenzangu wa kengele alikuwa Mihayo, mtu wa Nyarugusu, mpole, aliyenizidi umri. Asubuhi moja nilikuwa nashusha magogo ya kuzuia dari la shimo lisiporomoke. Mtunza stoo alikuwa amekuja kunisalimia, nami nikawa namsimulia jinsi fahali wa jirani alivyoingia kanisani. Kengele ikalia mara moja. Niliisikia. Nilitaka tu kumaliza hadithi, mwenzangu acheke. Nilipokandamiza breki kizimba kilikuwa kimeshagonga chini. Magogo yakamwagika, yakamvunja mchimbaji mmoja mguu.

Bwana Injinia akaja mbio. Mtunza stoo alikuwa ameshatoweka, maana naye hakutakiwa kuwa pale.

"Kengele ilisemaje?" akauliza.

"Haikulia, Bwana."

Mihayo alipandishwa juu, uso wote vumbi. "Masalu, mbona niliipiga," akasema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau.

"Haikulia," nikarudia, macho yangu kwenye mashine.

Siku hiyohiyo akanyang'anywa kipande, akafukuzwa.

Siku ya tatu mke wake, Mama Kabula, alikuja kwetu. Nilikuwa ndani nakula, nikawasikia uani.

"Shikamoo, Mama Masalu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mume wangu anasema kengele aliipiga. Nimekuja umwulize mwanao, labda alipitiwa."

"Mwanangu nimemlea mwenyewe," mama akajibu taratibu. "Akisema haikulia, basi haikulia." Kisha nikasikia anachukua jembe lake ukutani. "Lakini shamba lako halina kosa lolote. Twende nikusaidie."

Alilima kwa Mama Kabula juma zima. Na kila alfajiri aliendelea kumtaja Mihayo katika sala, jina lake likifuata langu. Kama angenishuku, nadhani ningeweza kujitetea, hata kugomba. Lakini alikuwa ananiamini.

Jumamosi baada ya zamu nikamfuata shambani kwa Mama Kabula, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kati ya matuta. Aliacha kulima.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtunza stoo tu, mayu, naye hasemi," nikajibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Basi na mimi nimesema uongo."

Nilidhani atanilaani. Badala yake alifuta mikono kwenye kanga, akaenda hadi upande wa pili wa shamba alikokuwa Mama Kabula, akapiga magoti kwenye udongo. Mama yangu mzima, mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake! "Nilikuambia mwanangu akisema haikulia, haikulia," akasema. "Ililia. Unisamehe mdomo wangu." Mama Kabula alikuwa analia huku akijaribu kumwinua. Mimi nilisimama palepale. Mama hakunigeukia wala hakunituma popote. Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Injinia.

Alinisikiliza, akashangaa. "Ungeweza kunyamaza."

"Mama yangu amepiga magoti, Bwana."

Sidhani alinielewa. Mihayo aliitwa kazini, nami nikarudishwa kwenye vitoroli. Mihayo alinipa mkono, lakini hakula nami tena sahani moja. Yule mchimbaji alichechemea hadi nilipoondoka.

Miaka ya hamsini nilihamia mgodi mwingine upande wa Shinyanga. Msimamizi wa huko alinijaribu, akanirudisha kwenye winchi, na mwishowe nikawafundisha wengine. Mama alifia mikononi mwangu, bado anawataja watu wa zamu, wengine wakiwa wameshakufa kabla yake. Sikuwahi kumshukuru. Kumshukuru kungetaka nianzie pale shambani, na kila nilipofungua kinywa niliona magoti yake yenye udongo.

Siku ya kustaafu, Meneja alisimama mbele ya watu akasema, "Mzee Masalu ni mtu wa kweli tangu kuzaliwa." Nilipaswa kusimama niseme hapana, ukweli huu nilifundishwa ukubwani, na aliyenifundisha alijidhalilisha kwa ajili ya kosa langu. Watu walipiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga nao.