Mfungo wa Mpishi

Hermelinda alichukuliwa kwenda kupika katika kambi ya tiba ya kaka yake kwa sababu moja tu: damu ya kila mwezi ilikuwa imekoma. Anayefunga kwa ajili ya mti wa dawa hapikiwi na mwanamke yeyote tu. Hupikiwa na msichana ambaye bado hajavunja ungo, au na mwanamke aliyekwisha kuvuka huko, na mpishi mwenyewe sharti alale peke yake, aache chumvi, sukari, pilipili na mafuta kama anayefunga. Miti ina wivu. Ikinusa kwenye ndizi mkono uliotoka kitandani kwa mume, humgeukia mgonjwa, na mtu aliyegeukiwa na mti akili humtoka.

"Ni mpwa wetu mmoja tu," kaka yake, mganga Teobaldo, alimwambia wakati huo. "Mpikie mpaka afungue, kisha urudi kwako."

Mumewe, Eleodoro, alimbebea mzigo hadi mtumbwini. Hakuwa mtu wa maneno. Alisema, "Nenda, nyumba nitaitazama," na nyumba yenyewe haikuwa yake, maana kwetu mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Mwanamume kuachwa peke yake katika nyumba ya mkewe, uani kwa mama mkwe, ni jambo la kuchekwa, naye alilijua hilo tangu alipouinua ule mzigo.

Kabla mpwa hajafungua, akaja Mfaransa mwenye kichwa kilichokataa kulala. Kabla Mfaransa hajafungua, wakaja ndugu wawili kutoka Lima, halafu Mjerumani, halafu mwalimu mmoja ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa Teobaldo walipewa chandarua, wakakaa miezi. Mmoja akifungua leo, mwingine yuko katikati, na wa tatu ndiyo kwanza anashuka mtumbwini na viatu vyake vipya. Katikati yao hapakuwa na upenyo wa mpishi kupita kwenda kwake.

Kazi haikuwa ngumu. Aliwasha moto kungali na giza, akachemsha ndizi mbichi, akachoma samaki wasio na chumvi wala kitu, akabeba sahani kibanda kwa kibanda msituni. Sahani huwekwa kwenye gogo, mpishi hugonga mara moja na kwenda zake, kwa kuwa anayefunga hasemi na mtu wala haguswi. Kambi nzima ilijaa watu, na hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba mvua inakuja. Hermelinda alikuwa mpweke, na hakuna namna nzuri zaidi ya kulisema. Alianza kuzungumza na sufuria. Sufuria nazo hazikumjibu, akazigombeza.

Kilichomuuma zaidi ni asubuhi za kufungua. Siku hiyo wote husimama kuzunguka moto, Teobaldo humpulizia mgonjwa moshi wa tumbaku utosini, huimba, kisha humwekea ulimini chumvi, ndimu na pilipili zilizotwangwa pamoja. Watu hulia, hukumbatiana, hupigiana makofi. Anayetwanga ile pilipili ni Hermelinda. Aliwatwangia wote, akabaki kando anapangusa kinu. Mtu mzima husemwa amekula chumvi nyingi. Hermelinda alizeeka pale bila kuionja.

Habari za nyumbani zilikuja na Zulmira, jirani yake, aliyeleta samaki na ndizi kwa mtumbwi wa injini. Zulmira alikuwa na ulimi, tena hakuufunga kamba.

"Mwenzangu, bwana wako anajifulia nguo mwenyewe," alisema huku akitupa mikungu ukingoni. "Juzi kapita na kuni begani, vijana wanamwita bibi harusi."

"Haniulizi?"

"Anauliza kama samaki wamefika salama."

"Samaki?"

"Samaki, shoga. Ningekuwa wewe ningerudi leo nikampige kasia la kichwa."

Hermelinda alicheka, halafu akaenda nyuma ya jiko. Waume wa wapishi wa kambi nyingine huja kuchungulia japo kwa mbali, wakasimama ng'ambo ya kijito na kuinua mkono. Eleodoro hakuja hata mara moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mume wa mbali, alijiambia, huwa wa mwingine.

Siku moja Zulmira akashuka bila mzaha.

"Dada zake wamekuja kutoka kwao Contamana kumchukua," alisema. "Wanasema ndugu yao si mlinzi wa nyumba ya watu. Mashua yao inaondoka mwezi ukiandama."

"Yeye anasemaje?"

"Yeye lini kasema?"

Hermelinda alifuta mikono akaenda moja kwa moja kwa Teobaldo, aliyekuwa kwenye machela na kiko chake.

"Kaka, nifungue. Leo."

"Kuna nini?"

"Wanamchukua mume wangu. Nisipofika kabla mashua haijaondoka, sina mume tena."

Teobaldo alivuta kiko, akautazama moshi. "Na yule Mkanada wa kibanda cha mwisho? Yuko ndani kabisa, mdogo wangu. Mpishi akifungua kabla ya mgonjwa, mti unamgeukia mgonjwa. Umesahau yule wa mwaka ule aliyevua nguo akakimbilia mtoni?"

"Tafuta msichana apike."

"Wasichana wako shule. Akimaliza huyu utakwenda."

"Daima kuna Mkanada, Kaka."

Kaka yake alicheka, maana ilikuwa kweli. Teobaldo hakuwa mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa watu wanaohitajiwa sana: alidhani na wengine wote wanahitajiwa vivyo hivyo, kwa hiyo hawawezi kuwa wapweke.

Hermelinda alirudi jikoni, akaliteremsha kopo la chumvi lililokaa juu ya jiko kwa ajili ya kufungulia. Angeweza kulamba kidole tu na kuondoka. Mtumbwi wa Zulmira ulikuwa bado ukingoni. Alisimama nalo mkononi. Kisha akaitazama sahani ya Mkanada iliyokuwa ikingoja, ndizi zimeanza kupoa, akalirudisha kopo mahali pake. Moyo wa mtu ni msitu, na wake ulikuwa umejaa watu asiowajua majina.

Mkanada alikuwa mwanamke wa umri wake, aliyelia kwa sauti ndogo kila sahani ilipogonga gogo. Siku hiyo alikuwa amekaa mlangoni. Akanyoosha mkono, si kwa chakula, kwa Hermelinda mwenyewe. Hermelinda aliweka sahani, akarudi nyuma kama ilivyo desturi. Mikono yote miwili, wake na wa mgeni, ilikuwa na njaa, na yote miwili ilirudi mitupu. Alikwenda mpaka kwenye sufuria zake, akalia huko.

Mwezi uliandama. Aliuona mwembamba juu ya miti, akasema kwa sauti, "Basi, ameondoka." Alisema hivyo kwa sufuria. Muda si mrefu maji ya kijito yakapungua, mtumbwi wa Zulmira ukashindwa kupita, na samaki wakaanza kuletwa kwa miguu na mtu wa kijiji kingine asiyejua habari za yeyote. Hermelinda hakuuliza. Asiyekuwapo na lake halipo. Aliacha hata kuhesabu wageni, akawa anapika tu, na usiku akilala hakuota nyumbani tena. Hilo la kutoota ndilo lililomtisha.

Kilichomwokoa hakikuwa huruma ya mtu. Teobaldo aliitwa Hispania kwenda kuwaimbia wagonjwa wa huko, na kwa mara ya kwanza kambi ikafungwa. Mkanada alifunguliwa mbele ya wote, akalia, akakumbatiwa na kila mtu. Alipomfikia Hermelinda alimshikilia muda mrefu, na Hermelinda akasimama kama gogo, maana yeye alikuwa bado hajafunguliwa.

Zamu yake ilikuja kesho yake. Hapakuwa na duara wala makofi. Wageni walikwisha kuondoka. Teobaldo alikuja jikoni amevaa viatu vya safari, akampulizia moshi, akaimba wimbo mfupi, akamtia chumvi ulimini.

"Ahsante kwa kazi, mdogo wangu," alisema, akatoka kutafuta pasi yake ya kusafiria.

Hermelinda alibaki na mwasho mdomoni. Chumvi ilikuwa chungu, hakuipenda. Mchanganyiko uliobaki aliufunga kwenye jani, kwa sababu hakuwahi kutupa chakula, akaanza kutembea kwenda kwenye nyumba ambayo alijua haina mtu.

Nyumba ilikuwa inatoa moshi.

Eleodoro alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anageuza samaki. Aliinua kichwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na Zulmira na ulimi wake wote hakuwahi kulitaja hilo.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Dada zako?"

"Walikwenda."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimefunga. Aliyefunga hasafiri."

Hermelinda hakuelewa. Aliketi, akapewa sahani: ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wasio na kitu. Alitafuna kidogo, akamtazama, akainuka kwenda kwenye rafu. Chombo cha chumvi kilikuwa palepale alipokiacha, kimeshika vumbi, na chumvi ndani yake imegandamana ikawa jiwe moja.

"Nani alikuambia mume naye hufunga?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nilidhani ndivyo. Nilidhani nikila chumvi huku, utaharibikiwa huko." Aligeuza samaki asiyehitaji kugeuzwa. "Na mfungaji hamtembelei mfungaji."

"Eleodoro. Mume hafungi. Hajawahi kufunga mume yeyote."

"Ningemwuliza nani? Uani kwa mama yako kila mtu ananicheka."

Usiku ule walitundika vyandarua viwili, kwa sababu mmoja wao alikuwa bado hajafunguliwa na Hermelinda hakutaka makosa. Alimsikia akipumua ng'ambo ya kitambaa. Walikuwa wametengana kwa urefu wa mkono, na alikesha akiusikiliza urefu huo.

Kulipopambazuka alimkalisha ameelekea mtoni. Hakuwa na moshi wala kibali cha kuimba, lakini nyimbo za kaka yake alizisikia miaka yote huku akipangusa kinu, akaimba mmoja kwa sauti ya chini, wote, bila kuufupisha. Alifungua lile jani, akamtia ulimini. Eleodoro alikunja uso.

"Chungu," alisema.

"Itapita."

Kisha akamshika mkono. Siku alipoondoka kwenda kambini ulikuwa mkono wa mwanamume wa makamo. Sasa ulikuwa mkono wa mzee, mwepesi, wenye mifupa. Aliushika hivyo hivyo, na akaona kwamba wake pia ulikuwa hivyo.