Dada Yangu Alipanda Ndege na Paka Niliyemwandalia Safari Mimi

Admin, salamu kwako na kwa wote wanaosoma. Jina langu lifiche, maana hapa mtaani Nyasho, Musoma, tunafahamiana. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, nina watoto wanne. Naandika mwenyewe kwa simu na macho siyo mazuri, mnisamehe nikikosea herufi.

Jambo lenyewe ni la ile miaka ya kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la nne, nafanya kazi za ndani hapa Musoma kwa mama mmoja wa Kizungu. Mume wake alikuwa mtaalamu wa pamba, siku nyingi anashinda Bunda kwa wakulima. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa na paka wa kijivu anaitwa Moshi, na mimi ndiye nilikuwaga namchemshia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kumpeleka kwa bwana mifugo akiugua.

Yule mume akashikwa na ugonjwa wa moyo, ikabidi warudi kwao Ulaya ndani ya wiki moja. Moshi hakuweza kwenda. Nchi yao haikupokea paka mpaka awe amechomwa sindano ya kichaa cha mbwa si chini ya mwezi mmoja kabla, awe na cheti cha daktari wa mifugo wa serikali, na kibali kutoka huko huko kwao. Hata akifika, anafungiwa karantini miezi minne. Yule mama alilia sana. Akanishika mikono, akaniambia, "Baki naye. Karatasi zikikamilika nitatuma tiketi, umlete wewe. Ukifika utakaa kwangu, nitakutafutia chuo cha uuguzi." Uuguzi ndiyo ilikuwa ndoto yangu tangu nikiwa mtoto.

Nilikuwa na dada mmoja tu, nimwite Nyangeta. Alinizidi miaka mitatu, alimaliza kidato cha nne, akawa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Barua za yule mama zilikuja kwa sanduku la posta la ofisini kwao, na kwa vile zilikuwa za Kiingereza, dada ndiye alinisomea na kunijibia. Lakini kazi ya paka niliifanya mimi. Nilimbeba kwenye kikapu kwenda kuchomwa sindano, akaniparura mkono mpaka leo kovu lipo. Nilisimama kwa fundi seremala mpaka amalize sanduku lenye matundu ya hewa, kwa vipimo walivyotaka watu wa ndege. Nikapiga picha ya pasipoti, picha yangu ya kwanza maishani.

Siku moja dada akaja uso umekunjamana. "Mdogo wangu, cheti kimerudishwa. Wanasema sindano haijatimiza siku zake, safari imesogezwa mbele. Nenda kwanza nyumbani, mama anahamishiwa kijiji cha Ujamaa na hana mtu wa kumsaidia. Paka niachie mimi."

Nyumbani ni upande wa Butiama. Nilikaa wiki tano, nabeba miti, nakata nyasi za kuezekea, mpaka mama akapata pa kulala. Nikapanda basi kurudi Musoma moyo mweupe. Chumba cha dada nikakuta kufuli. Nikakimbia kwa bwana mifugo.

"Paka si ameshaondoka na dada yako," akaniambia. "Mbona wewe ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Dada yako alisema umeolewa, hutaki tena safari. Kwamba alimwandikia yule mama, na tiketi ikabadilishwa jina."

Nilikaa chini pale pale ofisini kwake.

Sikumfuata, ningemfuata wapi? Niliolewa Guta, nikalima pamba. Mama alipopofuka nikamchukua, nikamwogesha na kumlisha miaka tisa mpaka nikamzika. Dada alituma picha akiwa na nguo nyeupe za unesi. Nilimwandikia mara moja tu kumuuliza kwa nini. Akajibu habari za baridi na theluji.

Sasa mwezi uliopita amepiga simu. Mume wake amefariki, hawakujaliwa mtoto, anataka kuja kumalizia uzee kwangu. Wanangu wamefurahi mno, wamepaka rangi chumba. Kifungua mimba wangu akaniambia huku anacheka, "Mama, kumbe wewe ndiye ulitakiwa kwenda! Mama mkubwa anasema uliogopa ndege. Ulikuwaga mwoga hivyo?" Wote wakacheka. Nikatoka nje.

Nikampigia. Nikamwambia, "Dada, wanangu wamekuwa watu wazima na wananicheka. Waambie ukweli kabla hujafika."

Akasema, "Unataka ukweli? Mama ndiye alisema niende mimi. Alisema mimi sitamvumilia akizeeka, wewe utamvumilia. Na wiki zile tano alizokuweka kule alikuwa anajua."

Nikakata simu. Tangu siku hiyo sili vizuri. Nakumbuka mama alivyonishika mkono siku za mwisho akisema, "Nisamehe mwanangu," nami nikadhani ni maneno ya mgonjwa tu. Halafu najiuliza, kama dada alinidanganya nikiwa msichana, atashindwaje leo kumsingizia marehemu?

Anafika Jumamosi ya wiki ijayo. Nikiwaambia wanangu ukweli, watamchukia mgeni wao na pengine kaburi la bibi yao. Nikinyamaza, nitakufa nikijulikana kwamba niliogopa ndege. Na kumfukuza siwezi, hana mtu mwingine duniani, ni mimi tu.

Ninyi mnaosoma, wakubwa kwa wadogo, msinionee haya. Mngekuwa mimi, Jumamosi hiyo mngemfungulia mlango mkiwa na neno gani mdomoni?