Taa Inawaka, Shangazi Hatulii

Shangazi yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti anakishika mgongo, halafu anaondoka. Alishona nguo miaka ishirini kwa cherehani ya kukanyaga; nadhani mgao wake wote wa kukaa aliumalizia huko. Siku hizi anauza maji ya kunywa kwenye kibanda chenye matangi mawili, vichujio vitatu, na bomba la chuma lenye taa ndani. Bomba lina kitundu cha kioo, ukichungulia unaona mwanga wa bluu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Bluu. Yeye mwenyewe anachungulia kila dakika tano. Mimi hata simu yangu siiangalii hivyo, na najijua ni mgonjwa wa simu.

"Hiyo bluu ni pambo," huwa anawaambia wateja. "Unaofanya kazi ni mwanga usioonekana. Unampiga kijidudu mpaka ndani, unamvurugia maelekezo ya kuzaana. Yupo, lakini hazai, kwa hiyo hakuletei ugonjwa. Ni kama simu iliyofutwa kila kitu: inawaka, lakini haina hata namba ya mama yako."

Asubuhi moja dereva wake wa pikipiki alirudi kutoka chekechea.

"Madumu kumi na mawili, mwalimu kayapokea," akasema, kisha akachungulia kitunduni. "Hii taa bado ileile? Shangazi, unaipenda kuliko mumeo."

"Ileile ipi?"

"Niliyokuletea mimi, wiki ya harusi yangu. Sasa mwanangu anatambaa, juzi kala soksi."

Shangazi akacheka. Kicheko kikakatika katikati.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Minane."

"Na tisa ya tumboni." Akahesabu kwa vidole. "Na nyie mlianza lini?"

"Shangazi jamani!"

"Nijibu, sikuchunguzi!"

"Wiki ileile," akasema akiangalia viatu vyake.

Miezi kumi na saba! Taa ile hubadilishwa kila mwaka. Ikizeeka inaendelea kuwaka bluu, nzuri tu, lakini ule mwanga usioonekana umeshachoka. Tarehe ya kuiweka Shangazi aliizungushia duara kwenye kalenda. Kalenda yenyewe mumewe, fundi seremala mpenda picha, aliitupa mwaka mpya akatundika yenye maporomoko ya maji. Na Shangazi, mchunguliaji mkuu, miezi yote hiyo alikuwa anachungulia pambo.

Saa tatu na nusu. Watoto wa chekechea wanakunywa saa nne. Akampigia mwalimu, simu ikaita mpaka ikachoka.

"Washa pikipiki!"

Yaliyofuata kanisimulia dereva, naye huongeza chumvi. Anasema alipigwa mgongoni njia nzima kama punda. Walipofika, watoto walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao, na wa kwanza kikombe kiko mdomoni.

"Nipe hicho, mume wangu," Shangazi akasema.

"Mimi si mume wako," mtoto akajibu, lakini akatoa.

Mwalimu akashangaa. "Mama Bluu, mbona maji meupe kama kioo?"

"Weupe hauui kitu, mwalimu. Taa yangu imechoka na mimi sikuangalia. Kosa langu. Yamwage yaliyo vikombeni, na unionyeshe jiko."

Wakachemsha sufuria mbili kubwa. Sasa shida ikawa maji kuwa ya moto. Shangazi akachukua daftari la mahudhurio akawa anayapepea, anatoka sufuria hii kwenda ile, huku foleni nzima inaimba, "Bado? Bado?"

"Kaa basi," mwalimu akamwambia.

"Nikikaa yatapoa?"

Ya kwanza akaonja mwenyewe, akaunguza ulimi. Akapepea tena. Ndipo akamjazia yule wa mbele, akasimama juu yake mpaka kikombe kikaisha.

"Wewe unaogopesha," mtoto akasema, akaomba kingine.

Taa mpya iliingia siku hiyohiyo. Tarehe sasa imeandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye bomba lenyewe. Fundi seremala alitupe tuone. Lakini Shangazi haiamini hata hiyo. Dereva akitokea tu, kabla ya salamu anadakwa:

"Mtoto ameanza kutembea?"