Veronika hakuniibia ukurasa wangu

Mpaka sasa sijakubali kuwa Veronika amekufa, na msikimbilie kunipa pole kabla hamjanisikia.

Tangazo la msiba lilinifikia kwenye simu Jumatatu asubuhi, naanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande. Picha yake, mishumaa huku na huku, mawingu nyuma. Nikasema hii imetengenezwa. Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha kuwa mtu aliyesimama nyuma ya kaunta anaweza kufutiwa kaunta akawekewa mawingu.

Nikapanda gari kutoka Goweko mpaka Tabora mjini kuhakikisha. Nikakuta turubai. Nikakuta wanawake wanachambua mchele. Bado nikauliza, "Nani kamuona kwa macho yake?" Wakanitazama vibaya. Watazame tu. Nilimuona wakati wa kuaga, ndipo nikakaa chini.

Kwa wasiomjua: Veronika alikuwa na steshenari ndogo karibu na soko. Nyie mnaosoma humu habari zangu za kukausha viazi na mboga, yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu.

Nilikwenda kwake kuchapisha lebo za pakiti za matobolwa, viazi vyangu vya kuchemsha na kukausha. Akaniambia, "Bibi, haya unayonisimulia, yaandike watu wasome." Nikamuuliza watu gani, na wanataka nini kwangu.

Kompyuta ikataka jina langu na namba ya simu. Nikakataa. "Simpi jina langu mtu ambaye sijamuona uso." Alicheka mpaka akashika meza. "Basi tuweke langu, mke mwenzangu." Ndivyo alivyokuwa akiniita, anajifanya tunamgombania marehemu mume wangu.

Akanichagulia rangi ya waridi na maua pembeni. Nikamwambia, "Mimi nauza viazi, siolewi." Akatoa maua.

Jumamosi ilikuwa siku ya somo. Hakuwa mwalimu wa kubembeleza, na mimi si wa kubembelezwa. Darasa la nne nililoishia linanitosha, haya yote nayaandika kwa kidole kimoja na hakuna anayenishikia simu.

Alinionyesha hata maandishi ya ndani, yale yanayouamuru ukurasa ukae vipi. Yana vialama kama mdomo wa kuku uliopanuka. "Kila ulichofungua ukifunge, bibi." Siku moja sikufunga, herufi zote zikanenepa mpaka chini. Nikampigia, "Kuna mtu ameingia humu." Akajibu, "Umeingia wewe, ukaacha mlango wazi."

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Mwezi uliopita nilikuta steshenari imefungwa Jumamosi tatu mfululizo. Simu hapokei. Nikarudi nyumbani, nikaukagua ukurasa wangu kuanzia juu mpaka chini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Chini ya kila habari nikakuta mstari mdogo: Imeandikwa na Veronika.

Nyie hamjui. Shamba la mume wangu lilipopimwa, karatasi iliandikwa jina la shemeji yangu kwa sababu yeye alijua kuongea na wapimaji. Mpaka leo analima tumbaku pale, mimi napita barabarani. Nikiona jina la mtu mwingine chini ya kitu changu, siulizi mara mbili.

Nikaandika hapahapa kuwa Veronika ni mwizi, kachukua ukurasa wangu na amekimbia. Mlisoma wote. Wengine mlimtukana, na mimi nilifurahi, sifichi.

Na chini ya andiko hilo nalo kukatokea: Imeandikwa na Veronika. Kuna mliocheka. Mimi nikaona ndio ushahidi umekamilika. Toka siku hiyo sikufungua tena humu.

Hakuwa amekimbia. Alikuwa amelazwa, figo zimekataa. Na jina lilikuwa lake kwa sababu langu nililikatalia mwenyewe, nikasahau.

Msibani mdogo wake, Anastazia, alinivuta pembeni. "Shikamoo bibi. Dada alisoma ulichoandika." Nikakaza kitenge changu. "Alikuwa anashika simu kitandani, nesi anamgombeza. Fungua ukurasa wako uone."

Nikafungua pale pale, kwenye mkeka. Ule mstari aliuondoa. Chini ya kila habari, moja baada ya nyingine, ameandika kwa mkono wake: Imeandikwa na Nyamizi binti Mayunga, Goweko.

Lile la kumuita mwizi angeweza kulifuta kwa kidole kimoja. Hakulifuta. Nalo amelisahihisha, akaliwekea jina langu, kwa sababu ni langu.

Basi nasema mbele yenu mliosoma lile: nilisema uongo juu ya mtu mwaminifu. Mliomtukana, futeni matusi yenu leo, nitapita kukagua jina kwa jina. Langu silifuti. Likae, na hili likae juu yake.

Veronika, na wewe una kosa. Ulinyamaza. Ungenipigia ningekuja na uji, nikakugombeza hukohuko wodini, ukanicheka, yakaisha. Umeniacha nimebeba neno baya ambalo siwezi kulirudisha mbele yako.

Anastazia alinipa bahasha. Ndani kuna karatasi yenye paswedi, na mwandiko wako: "Bibi, ibadilishe leo leo. Usimwamini mtu, hata mimi." Na nyie msiniulize ni ipi, najua mpo wa namna hiyo.

Nimeikunja, nimeifunga kwenye pindo la kitenge.

Nenda ukapumzike, mwanangu, usihangaike tena na mambo yangu. Paswedi nimeiacha ileile uliyoiweka wewe.